Mambo ya Nyumbani: Bisi za Jioni na Mtu Atakaye Kupungua

Mwezi huu twaomba ruhusa yenu tunene juu ya kitu kidogo sana, nacho ni bisi. Wako watakaocheka wakisema, "Je, ukurasa umekosa maneno hata uandike habari za mahindi yaliyopasuka?" Wacheke, lakini wasome. Maana katika nyumba zetu za Kilosa na Mikumi bisi zimekuwa chakula cha kila siku. Zauzwa penye stendi, zauzwa milangoni pa shule, zapikwa jioni watoto wakisoma vitabu vyao, na siku hizi zimepata sifa mpya, kwamba ndizo chakula cha mtu atakaye kupunguza mwili. Sifa hiyo ina kweli ndani yake, tena ina udanganyifu, na mambo hayo mawili yamechanganyika kama punje na makapi kabla ya kupepetwa.

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi, akaaye upande wa Mikumi, ametuandikia barua ndefu, naye ametupa ruhusa ya kutumia habari zake bila kumtaja jina. Asema kwamba alikwenda hospitali kwa sababu ya kuumwa kichwa asubuhi, akapimwa, akaambiwa shinikizo la damu limepanda. Akapewa vidonge, tena akaambiwa apunguze uzito. Kimo chake ni meta 1 na sentimita 68, na uzito wake ulikuwa kilo 88. Mwalimu ni mtu wa kutii. Siku ile ile akaacha maandazi mawili aliyozoea kula na chai ya asubuhi, na kwa kuwa alisikia kwamba bisi ni chakula chepesi, akamwomba mkewe ampikie bisi kila jioni. Miezi miwili ikapita. Akarudi kupimwa, akakuta kilo 89. "Nimejinyima asubuhi," aandika, "nami nimeongezeka. Mke wangu asema huenda mwili wangu ndivyo ulivyoumbwa. Je, niache kuhangaika?"

Twamjibu upesi: asiache. Shinikizo la damu si jambo la kuchezewa, maana laweza kumwangusha mtu kwa kiharusi au kuharibu moyo na mafigo bila kutoa sauti. Tena mwili wake haukumhini. Hesabu yake ndiyo iliyopotea, nasi tutaitafuta pamoja naye.

Kwanza yafaa tujue bisi ni kitu gani. Mahindi si mmea wa kwetu asili. Yalitoka Amerika, yakaletwa pwani zetu katika siku za Wareno, na babu zetu wakayaita kwa jina la Uhindi, kwa kuwa vitu vingi vigeni vilikuja kutoka upande ule wa bahari. Huko Amerika kupasua mahindi ni desturi ya kale sana. Mwaka 2012 wachimbuzi walitangaza kwamba katika pwani ya Peru waliona mabaki ya mahindi, pamoja na dalili za bisi, yenye umri wa miaka 6,700 hivi. Na mashine ya kupikia bisi barabarani, ambayo wengi wenu mmeona mfano wake mijini, yatokana na kazi ya Charles Cretors wa Chicago, aliyeionyesha mashine yake katika maonyesho makubwa ya mji ule mwaka 1893.

Si kila hindi hupasuka. Mahindi tunayolima sana kwa ajili ya unga, kama yale ambayo mbegu zake zimeshughulikiwa miaka mingi katika kituo cha utafiti cha Ilonga, karibu na mji wa Kilosa, ukiyakaanga hupata mahindi makavu ya kutafuna, matamu, yenye kuchosha taya. Wazee wetu waliyapenda, na mtu mwenye meno mazuri bado ayapenda. Lakini hindi la bisi ni jamii nyingine. Punje yake ni ndogo, ganda lake ni gumu na limefungwa sawasawa pasipo ufa, na ndani yake mna wanga mgumu wenye maji kidogo, yapata sehemu 14 katika 100. Punje ikipata moto, maji yale hugeuka mvuke, na mvuke hauna pa kutokea. Hukaza, hukaza, hata joto lifikapo nyuzi 180 hivi ganda hushindwa. Hapo wanga uliolainika hufumuka kwa nguvu, hujaa mapovu ya hewa, hupoa, hukauka, nasi twapata ua jeupe.

Basi neno la kushika katika habari hiyo ni hewa. Sufuria iliyojaa bisi hata kifuniko kimeinuka ilianza na mahindi ya konzi mbili tatu. Jicho laona chakula kingi, na tumbo nalo hupata kitu cha kulijaza kwa kitambo, lakini uzito wake ni ule ule wa zile punje. Ndiyo sababu bisi kavu zamfaa mtu anayejipunguza. Gramu 100 za punje zilizopasuliwa bila mafuta zina kalori 380 hivi, lakini gramu 100 hizo ni sufuria nzima ya kula watu wanne. Bakuli dogo, lenye ujazo wa kikombe kimoja, halizidi kalori 30 na kitu. Tena punje haikukobolewa. Ganda lake limo, kiini chake kimo, na katika gramu 100 mna nyuzinyuzi zipatazo gramu 14. Hizo ndizo zinazomfanya mtu asikie kushiba na tumbo liende vema. Kwa hiyo bisi ni ndugu ya dona, si ndugu ya sembe, nasi twashangaa mara nyingi kuwaona watu walioacha dona kwa kuona ni chakula cha shida, huku wakinunua bisi kwa fedha taslimu.

Sasa twende jikoni kwa mwalimu. Tulimwandikia tukamwuliza bisi zake hupikwaje, naye akajibu kwa uaminifu kwamba mkewe hutia punje nusu kikombe, mafuta vijiko vikubwa vinne ili zisiungue, na zikiisha kupasuka humwagia sukari vijiko vikubwa vitano, akazigeuza hata zing'ae. Sufuria huwekwa katikati, naye mwalimu, akisahihisha madaftari, hula kiasi cha nusu yake. Nusu ile nyingine ni ya mama na watoto wawili.

Tuhesabu. Punje nusu kikombe ni karibu gramu 100, yaani kalori 380. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta, yawe ya alizeti, ya mawese au ya ufuta, kina kalori 120, kwa hiyo vinne ni 480. Sukari vijiko vikubwa vitano, vilivyojaa kiasi, ni gramu 60 hivi, nazo ni kalori 240. Jumla ni 1,100. Nusu ya mwalimu ni 550. Maandazi mawili aliyoyaacha asubuhi, tukiyapima kwa ukubwa wa maandazi yetu ya hapa, hayakuzidi kalori 350 au 400. Basi ameondoa 350 asubuhi akaweka 550 jioni, tena juu ya ugali aliokwisha kula. Kila siku ameongeza 200. Kilo moja ya mafuta ya mwili ni sawa na kalori 7,700 hivi. Siku sitini mara 200 ni 12,000, yaani kilo moja na nusu kwa karatasi. Mizani ya hospitali ilionyesha kilo moja. Mwili si daftari la duka, haulipi senti kwa senti, lakini katika jambo hili haukuwa mbali.

Angalieni kwamba katika zile kalori 1,100 mahindi yenyewe ni 380 tu. Mawili ya tatu ya uzito ule yalitoka katika chupa ya mafuta na mfuko wa sukari. Mtu akisema bisi zanenepesha amezisingizia, na mtu akisema bisi zapunguza mwili amezisifu kupita kiasi. Hakuna chakula kimpunguzacho mtu kwa kukila. Bisi zaweza tu kukaa mahali pa kitu kizito kuliko zenyewe, nazo hufanya kazi hiyo vizuri ikiwa hazikuvikwa nguo ya mafuta na sukari. Na zikija kuongezeka juu ya chakula kilichokuwapo, hata zikiwa kavu, ni nyongeza tu.

Hatutaki mwalimu achukue ukurasa huu akamwonyeshe mkewe kama hati ya mashtaka. Mama yule alipika kama alivyofundishwa kupika kitu cha kumpendeza mume na watoto. Kwetu sukari haitoki mbali. Mtu akishika njia kutoka Mikumi kwenda Kidatu, punde si punde huona miwa pande zote mpaka ng'ambo ya mto Ruaha Mkuu, na nyumba nyingi za wilaya yetu zimepata ada za shule kwa kazi ya miwa ile. Kumpa mtu kitu kisicho sukari kwaonekana kama kumnyima. Tena mafuta mengi katika sufuria yalikuwa zamani dalili ya nyumba iliyobarikiwa. Mambo haya hayaondoki kwa karipio. Afadhali mume na mke wakae pamoja jikoni siku moja, watoe kijiko, wapime mafuta yale ambayo siku zote humiminwa kwa kukadiria, waone wenyewe. Sisi tumefanya hivyo nyumbani kwetu, na chupa ya mafuta iliyokuwa ikiisha kwa juma mbili yatuchukua sasa mwezi na zaidi, jambo ambalo mhasibu wa nyumba hiyo hajaacha kulitaja.

Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta chatosha punje nusu kikombe. Hapo hesabu ni 380 na 120, jumla 500, na robo yake ni kalori 125 kwa kila mmoja katika watu wanne. Kutoka 550 mpaka 125 si safari ndogo, wala hakuna aliyefunga kula.

Chumvi nayo yataka neno lake, hasa kwa mwenye shinikizo la damu. Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku nzima, nazo ni kijiko kimoja kidogo cha chai kwa vyakula vyote, pamoja na mboga, mchuzi na mkate. Yuko mtu atiaye kijiko kizima katika bisi za jioni, akiisha kula mchana samaki mkavu wa chumvi. Aliyezoea chumvi nyingi asipunguze kwa siku moja akaona chakula kama majani. Apunguze kidogo kidogo kwa majuma matatu au manne, na ulimi utafuata. Chumvi iliyosagwa laini, ikinyunyizwa bisi zingali moto, huenea zaidi, hata kidogo kikatosha. Ndimu iliyokamuliwa matone machache, pilipili kavu iliyotwangwa, tangawizi ya unga, au mdalasini kwa wapendao harufu ya utamu, vyote hivi huzipa bisi ladha pasipo kuongeza kitu katika hesabu yetu.

Lakini hata bisi njema huliwa vibaya. Mwalimu alikula huku akisahihisha madaftari, na kula kwa namna ile hakuna mwisho ila mwisho wa sufuria. Mwaka 2011 wataalamu wa Marekani walichapa habari za jaribio walilofanya juu ya watu waliokwenda kutazama sinema. Wengine waliwapa bisi mpya, wengine bisi za siku saba zilizokwisha kuchacha. Wale wasiokuwa na desturi ya kula bisi penye sinema walizikataa zile mbovu. Lakini wale wenye desturi walikula karibu sawa, mpya au mbovu, ingawa walipoulizwa walisema hazikuwa nzuri. Mkono ulikuwa ukienda wenyewe. Walipojaribiwa kula kwa mkono wasiouzoea, desturi ile ilivunjika, wakala kidogo zile mbovu. Basi twamshauri mwalimu asiweke sufuria mbele yake. Atie bisi zake katika bakuli, bakuli liishe, na sufuria ibaki jikoni imefunikwa. Madaftari na yangoje. Yamengoja siku nyingi kabla ya leo.

Katika barua yake ya pili mwalimu aligusa jambo ambalo twaona ni zito kuliko mafuta na sukari. Aliandika kwamba mkewe haogopi njaa yake, aogopa maneno ya watu. "Ukikonda," mama alimwambia, "watasema nini?" Wenye umri wetu waelewa neno hilo bila kuelezwa. Ugonjwa wa UKIMWI ulipoonekana kwa mara ya kwanza katika nchi yetu, mkoani Kagera mwaka 1983, na katika miaka iliyofuata, kukonda kukawa kama hukumu iliyoandikwa mwilini. Kwa jirani zetu wa Uganda ugonjwa ule uliitwa kwa jina la wembamba. Tulizika vijana waliokuwa wamekwisha kama vijiti. Si ajabu basi ikiwa mpaka leo mtu mnene husifiwa kwamba amenawiri, na mtu aliyepungua huulizwa kwa sauti ya chini kama yu mzima.

Lakini nyakati zimegeuka, ijapokuwa macho yetu hayajageuka nazo. Katika uchunguzi wa afya wa nchi yetu wa mwaka 2004 na 2005, wanawake 18 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 mpaka 49 walikuwa na uzito uliozidi. Mwaka 2010 wakawa 22. Katika uchunguzi wa mwaka 2015 na 2016 wakawa 28. Nao wenye virusi vya UKIMWI, wakitumia dawa zao sawasawa, hawakondi tena kama zamani, nao huishi na kulea watoto wao. Kwa hiyo mwili mnene hauonyeshi afya, wala mwili mwembamba hauonyeshi ugonjwa, na ajuaye ni yule aliyepimwa. Mkewe mwalimu akiulizwa, ajibu wazi: "Daktari amemwambia apungue, naye anatii." Neno likisemwa mapema na mwenye nyumba, majirani hukosa la kunong'ona. Ila kupungua bila kukusudia ni habari nyingine kabisa. Mtu asiyejinyima kitu akaona nguo zalegea, pamoja na kikohozi, homa, jasho la usiku, au kiu na kukojoa sana, asishukuru, aende kupimwa upesi.

Hata kupungua kwa kukusudia kuna kiasi chake. Nusu kilo kwa juma yatosha, na kilo moja ndiyo mwisho. Mwalimu wetu, kwa kimo chake, angekuwa na kilo 70 ili awe ndani ya mpaka wa uzito unaofaa, lakini asiangalie kilo 19 zilizo mbele akavunjika moyo. Akipungua kilo 4 au 5 tu, shinikizo lake la damu laweza kuanza kushuka. Ajipime mara moja kwa juma, siku ile ile, saa ile ile. Asiye na mizani karibu atumie utepe wa fundi cherehani kuzunguka kiuno, karibu na kitovu. Mwanamume aliyepita sentimita 94, na mwanamke aliyepita 80, wana sababu ya kujiangalia. Vidonge vya shinikizo asiviache kwa kujiona ameanza kupungua, kwa maana kazi hiyo ni ya daktari aliyempa. Na dawa na chai za kupunguza mwili zinazotangazwa katika simu, pamoja na picha za watu kabla na baada, twasema bila kificho kwamba hatuzipendi. Fedha zile zingenunua mboga za mwezi.

Wasomaji wengine wameuliza juu ya bisi za kununua. Katika stendi ya Mikumi, mabasi ya barabara kuu yasimamapo baada ya kupita hifadhini, vijana huinua vifuko mpaka madirishani, na abiria aliyetoka Dar es Salaam bila kula hanunui kwa kupima. Hatuwalaumu vijana wale, ndiyo riziki yao. Lakini mnunuzi atazame. Kifuko chenye mafuta yaliyoshika kwa ndani, au bisi zenye rangi nyekundu na njano zilizogandamana kwa sukari, ni peremende zilizojificha. Bisi nyeupe kavu ndizo za kuchagua. Tena azipe macho na pua, kwa kuwa mafuta yaliyorudiwa kupikiwa mara nyingi hutoa harufu ya ukali. Ziko pia bisi za mfuko wa karatasi zitokazo ng'ambo, za kupikwa katika jiko la umeme la mawimbi. Wachache kwetu wanalo jiko hilo, kwa hiyo hatutakawia hapo, ila tuseme kwamba mara nyingi mifuko ile imekwisha kutiwa mafuta na chumvi nyingi kabla hujaifungua.

Mkononi mwa abiria mara nyingi kuna na chupa ya soda. Soda ya mililita 350 huwa na sukari ya gramu 35 hivi, yaani vijiko vidogo vinane na zaidi. Aliyechagua bisi kavu kwa uangalifu, akaziteremsha kwa soda, amejenga kwa mkono mmoja akabomoa kwa mwingine. Maji yatosha.

Wala bisi zisifanywe mfalme. Karanga za kukaanga ni chakula chema chenye nguvu, lakini gramu 100 zake zapita kalori 550, kwa hiyo mtu anayejipunguza ale konzi moja, si kifuko. Chungwa moja halizidi kalori 70 kwa kawaida, papai na tango ni mepesi kuliko yote tuliyoyataja, na msimu wa mahindi mabichi ukifika, muhindi mmoja wa kuchoma wenye ndimu na pilipili ni bora kuliko bisi za dukani. Twazitaja bisi kwa kuwa hukaa mwaka mzima bila kuoza, bei yake si kubwa, na watoto huzifurahia. Lakini mtoto aliye chini ya miaka minne asipewe. Ganda na punje isiyopasuka huweza kumwingia katika njia ya pumzi, na jambo hilo huua kwa dakika chache. Wakubwa wawaangalie, hasa kaka na dada wanaopenda kuwalisha wadogo.

Kutembea nako kwamsaidia mwalimu. Asema shule i mwendo wa nusu saa, naye huenda kwa pikipiki. Aende kwa miguu asubuhi walau siku nne za juma. Twasema asubuhi kukiwa kumepambazuka sawasawa, kwa kuwa wasomaji wa Mikumi hawahitaji kuambiwa na mtu wa Kilosa kwamba tembo hawasomi mabango ya mpaka wa hifadhi, na jioni si saa ya kutembea peke yako kando ya mashamba.

Basi mama au baba apikaye na afanye hivi. Atwae sufuria nzito yenye kifuniko, atie kijiko kikubwa kimoja cha mafuta na punje tatu tu, aweke juu ya moto wa kiasi. Punje zile zikipasuka, mafuta yamefikia joto lake. Hapo atie zilizobaki, nusu kikombe, kwa tabaka moja chini ya sufuria, afunike, aache mwanya mdogo mvuke utoke, maana mvuke ukizuiliwa bisi hulainika kama kitambaa. Atikise sufuria mara kwa mara ili zisiungue, jambo ambalo watu hulifanya kwa kuzidisha mafuta badala ya kutumia mkono. Milio ikipungua hata pawe na nafasi ya kuhesabu moja mpaka tatu kati ya mlio na mlio, aepue. Asingoje punje ya mwisho, kwa kuwa akiingoja ataunguza mia kwa ajili ya moja. Apendaye aweza kuacha mafuta kabisa akitumia sufuria nzito na moto mdogo, na mkono usiochoka kutikisa. Nyingine zitaungua kidogo, lakini zaliwa.

Na wale walioandika kulalamika kwamba mahindi yao ya bisi, waliyoyanunua mengi wakayaanika juani kama mahindi ya unga, hayapasuki tena, wajue kwamba wameyaondolea yale maji ya ndani. Watie punje vikombe vitatu katika chupa yenye kifuniko cha kukaza, wamwagie maji kijiko kikubwa kimoja, waitikise mara kadhaa kwa siku mpaka maji yanywewe, kisha waiweke mahali pa baridi siku tatu au nne kabla ya kujaribu tena. Zikikataa, ganda lina ufa, na kuku watashukuru. Mwezi ujao, tukijaliwa, tutajibu maswali juu ya chai ya maziwa na idadi ya vijiko vyake.